Kupiga kwa Dhana: Uhakiki wa Hoja ya "Kumuwahi Adui"

Katika madarasa ya siasa ya siku za karibuni swali moja limekuwa likirudi kila tunapofika kwenye somo la mambo ya nchi za nje. Wanachuo wanauliza: kuna kosa gani taifa likimpiga adui kabla adui hajalipiga? Swali ni halali, na mwaka 2025 lilipata moto zaidi, pale Israeli ilipoishambulia Iran tarehe 13 Juni na Marekani ikafuata tarehe 22 Juni, kwa maelezo kwamba hatari ya bomu la nyuklia haikuwa ya kungojwa. Kinachonitia wasiwasi si swali, bali majibu, na mengine yanatoka kwa sisi wakufunzi wenyewe. Yapo maandishi ya kufundishia yanayopita mikononi mwa wanachuo, ambayo mwandishi wake nitamwacha bila jina kwa kuwa ni ndugu na mwenzangu katika kazi. Yanaeleza kwamba "kumuwahi adui" ni chombo cha kawaida cha siasa ya nchi za nje, sawa na balozi au mkataba wa biashara. Na katika orodha ya mifano yanaweka pamoja, mstari kwa mstari, Israeli 1967, Marekani 2003 na Tanzania 1979.

Orodha hiyo ni mbovu, na ubovu wake si wa tarehe. Imechanganya vitu vitatu visivyo vya ukoo mmoja, na kada atakayeimeza ataingia kijijini au kwenye mkutano wa kimataifa akiwa amebeba hoja ya mvamizi huku akidhani amebeba yake mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana limeingizwa mlangoni likiwa limevaa nguo nzuri. Katika Kiswahili chetu kuwahi ni sifa. Anayewahi kisimani hupata maji safi, anayewahi kituoni hupata kiti. Basi mtu akisema taifa fulani "limemuwahi" adui yake, msikilizaji tayari amekwisha kuambiwa kwamba taifa hilo ni hodari na halikulala. Lakini tuangalie vizuri. Mtu huwahi kitu ambacho kweli kinakuja. Ukisema umewahi basi la saa kumi na mbili, maana yake basi lilikuwapo, lilikuwa na saa yake, na ungechelewa lingekuacha. Huwezi kuwahi basi ambalo halikupangwa kuja. Kumpiga mtu ambaye mkono wake umekwisha kunyanyuliwa ni jambo moja. Kumpiga kwa sababu unadhani kwamba mwakani, au mwaka wa tatu kutoka sasa, huenda akanyanyua mkono, ni jambo jingine kabisa, nalo lastahili jina lake: ni kupiga kwa dhana. Maandishi ya ndugu yangu hayatofautishi hayo mawili hata kwa sentensi moja.

Tofauti hiyo si uvumbuzi wangu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1837 askari wa Kiingereza kutoka Kanada walivuka mto Niagara, wakaiteka meli iliyoitwa Caroline ikiwa imefungwa upande wa Marekani, wakaitia moto na kuiachia maji. Meli ile ilikuwa ikiwapelekea watu na vifaa waasi waliokuwa wakipigana na utawala wa Kiingereza huko Kanada. Uingereza ikasema imejihami. Daniel Webster, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alijibu mwaka 1841 kwa kuweka kipimo ambacho wanasheria wanakitumia hadi leo: anayedai kujihami kabla ya kupigwa aonyeshe kwamba haja ilikuwa ya papo hapo, ya kumlemea, isiyomwachia njia nyingine wala nafasi ya kufikiri, na tena aonyeshe kwamba alichofanya hakikuzidi haja hiyo. Ni vizuri wanachuo wakumbuke kwamba kipimo hiki kilitungwa na Marekani wakati Marekani ndiyo iliyokuwa imepigwa. Baadaye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ukabana zaidi. Kifungu cha 2 kinakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, na kifungu cha 51 kinaacha haki ya kujihami pale shambulio la silaha linapotokea. Wanasheria wanagombana kama "kutokea" ni mpaka bomu lianguke au inatosha ndege ikiwa imeruka. Ugomvi huo tuwaachie wao. Hakuna hata upande mmoja wa ugomvi huo ambao, kwa maneno ya kifungu, unaruhusu kupiga kwa dhana.

Sasa tazama kilichofanyika mwaka 2002. Tarehe 1 Juni Rais George W. Bush aliwaambia wahitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point kwamba Marekani haitangoja vitisho vikomae. Mwezi wa Septemba serikali yake ikatoa Mkakati wa Usalama wa Taifa, na humo jambo hilo likapewa umbo la nadharia. Ustadi wa maandishi yale, na ndipo hapo kada anapotakiwa kusoma kwa macho mawili, ni kwamba yanatumia jina la kuwahi lakini yanaeleza kupiga kwa dhana. Yanakiri kwamba sheria ya zamani ilitaka hatari iliyo karibu, inayoonekana kwa majeshi yanayokusanyika. Kisha yanasema kwamba dhana ya ukaribu sharti ibadilishwe ilingane na adui wa leo, hata kama saa na mahali pa shambulio lake havijulikani. Kwa maneno mengine, hukumu inatolewa kwenye tendo inapelekwa kwenye nia. Na nia ya mtu mwingine nani anaisoma? Anaisoma mwenye setilaiti, mwenye majasusi, mwenye ndege za kufika. Hivyo haki hii, ijapokuwa imeandikwa kana kwamba ni ya mataifa yote, kwa tabia yake haiwezi kutumiwa na mnyonge. Jaribu kuigeuza: mwanzoni mwa mwaka 2003 majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yakikusanyika Kuwait hadharani, kwa maelfu, na viongozi wao wakitangaza kila wiki kwamba watapiga. Ikiwa ipo nchi iliyokuwa na hatari ya karibu inayoonekana kwa macho, ilikuwa Irak. Hakuna mtetezi hata mmoja wa nadharia ile aliyesema kwamba Irak ilikuwa na haki ya kuwahi.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini yapo mawili yanayotugusa sisi Waafrika nayo husahauliwa. La kwanza ni la Niger. Sehemu ya ushahidi wa dhana ile ilikuwa madai kwamba Irak imetafuta kununua madini ya urani kutoka Niger. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki aliliambia Baraza la Usalama kwamba karatasi za biashara hiyo si za kweli. Barua moja ilikuwa na saini ya waziri wa Niger aliyekuwa ameacha cheo hicho miaka mingi kabla ya tarehe ya barua yenyewe. La pili ni la Angola, Kamerun na Guinea. Nchi hizo tatu zilikuwa wajumbe wa Baraza la Usalama mwaka ule, na Guinea ndiyo iliyokuwa ikiliongoza Baraza mwezi wa Machi. Wajumbe wa mataifa makubwa walipishana katika miji yao mikuu wakitafuta kura. Kura hazikupatikana za kutosha, na tarehe 17 Machi wenye azimio wakaliondoa mezani. Siku tatu baadaye vita ikaanza. Wakaguzi wa silaha chini ya Hans Blix walikuwa wamerudi Irak tangu Novemba 2002 na kazi yao ilikuwa inaendelea. Mwaka 2004 timu ya Wamarekani wenyewe, baada ya kuipekua nchi nzima, ikaripoti kwamba akiba ya silaha za maangamizi haikuwapo. Ilikuwa imekwisha kuharibiwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Yule basi hakuwa njiani. Hakuwapo.

Sisi wa upande huu wa Afrika hatukungoja mwaka 2002 kuijua nadharia hiyo. Tuliijua kwa majina ya miji. Makaburu wa Pretoria walipoingia Matola, karibu na Maputo, tarehe 30 Januari 1981. Walipoingia Maseru tarehe 9 Desemba 1982 wakaua watu 42, wakiwamo raia 12 wa Lesotho. Walipoingia Gaborone tarehe 14 Juni 1985 wakaua 12, na mtoto mdogo akiwa mmoja wao. Kila mara maelezo yalikuwa yale yale, kwamba wamewawahi magaidi kabla hawajavuka mpaka. Kabla yao walowezi wa Rhodesia walisema hivyo hivyo juu ya Nyadzonya mwaka 1976 na Chimoio mwaka 1977, huko Msumbiji. Tarehe 19 Mei 1986 makaburu waliipiga miji mikuu mitatu kwa siku moja, Gaborone, Harare na Lusaka, wakati wajumbe wa Jumuiya ya Madola wamo ndani ya Afrika Kusini kutafuta njia ya mazungumzo. Miezi miwili haikuwa imepita tangu ndege za Marekani ziipige Libya, tarehe 15 Aprili, na Pretoria haikuona haya kujilinganisha nayo. Mazungumzo yale yalivunjika. Hapo kuna jambo ambalo maandishi ya ndugu yangu yangelipima yasingeiita vita ya namna hii "chombo cha siasa ya nchi za nje" kwa wepesi kiasi hicho: mara nyingi kinachowahiwa si shambulio, ni suluhu.

Hata hivyo, ningeishia hapa ningekuwa nimejipa kazi rahisi. Msomaji atasema: hao walikuwa mabeberu na makaburu, hofu yao ilikuwa ya kubuni, basi huhitaji hoja kuwashinda. Je, ikiwa hofu ni ya kweli? Swali hili liliulizwa darasani na mwanachuo mmoja kutoka mkoa wa mpakani, naye hakuwa akifanya mzaha. Kwa hiyo twende mahali ambapo hofu ilikuwa ya kweli, na wahusika ni majirani zetu, ndugu tunaokaa nao meza moja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF, waliokuwa wakijificha katika milima ya Ruwenzori na upande wa Kongo, walikishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, magharibi mwa Uganda. Wanafunzi wapatao 80 waliuawa, wengi wao wakichomwa moto mabwenini. Hakuna mwalimu anayeweza kulisoma jambo hilo kwa utulivu. Serikali ya Kinshasa haikuwa na nguvu ya kutosha mashariki mwa nchi yake, na askari wa Uganda walikuwa wameruhusiwa kuwa huko kuulinda mpaka. Mwishoni mwa Julai Rais Laurent Kabila alitangaza kuwataka askari wa kigeni waondoke. Tarehe 2 Agosti vita ikalipuka, na Uganda na Rwanda zikaingia upya, safari hii dhidi yake. Kongo ilipoishitaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1999, Uganda ilijibu kwamba imejihami. Na katika ushahidi ikatoa maandishi ya wakuu wake wa jeshi ya tarehe 11 Septemba 1998, yaliyoeleza kwa nini majeshi yabaki Kongo.

Ningependa kila mkufunzi wa siasa ayatafute maandishi hayo, maana ni mafupi na yanafundisha kuliko vitabu. Sababu zilizotajwa ni tano: kuinyima Sudan nafasi ya kuitumia ardhi ya Kongo kuihujumu Uganda, kuwamaliza waasi wa Uganda waliojificha humo, kuhakikisha kwamba kukosekana kwa utawala katika sehemu hizo hakuiathiri Uganda, kuwazuia waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda wasiishambulie Uganda wakitokea Kongo, na kuwa mahali pa kuilinda nchi dhidi ya vitisho vya kuvamiwa. Yasome tena. Kunyima nafasi, kuhakikisha, kuzuia, kuwa mahali pa kulinda. Mahakama, katika hukumu yake ya tarehe 19 Desemba 2005, iliona jambo hilo hilo: kwamba maandishi yale hayataji popote shambulio la silaha lililokwisha kufanywa dhidi ya Uganda, na kwamba haja zilizotajwa kwa sehemu kubwa ni za kuzuia yajayo. Kichwamba, ambako watu walikufa kweli, hakumo. Hofu ya kweli ilikuwapo, lakini ilipopita katika mdomo wa nadharia hii ikatoka ikiwa orodha ya dhana.

Na kutoka hapo tazama ilikofika. Mahakama ilisema waziwazi kwamba kuteka miji na viwanja vya ndege mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Uganda hakulingani na mashambulizi ya waasi wa mpakani. Waasi wako Ruwenzori; askari wako Kisangani! Kule Kisangani majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia pamoja kila moja likisema linajihami, yaligeukiana yenyewe: mara ya kwanza Agosti 1999, kisha mwaka 2000, na kubwa kuliko zote zile siku sita za tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, mizinga ikipita juu ya vichwa vya raia wanaosema Kiswahili kama sisi. Ni usalama wa nani uliokuwa ukilindwa katika mitaa ya Kisangani? Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola za Marekani milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa ajili ya mali, na 60 kwa ajili ya utajiri wa ardhini na misituni. Fungu hilo la mwisho halihitaji maelezo kwa mtu aliyesoma uchumi wa siasa. Rwanda haikuhukumiwa, kwa kuwa haikuwa imeikubali mamlaka ya Mahakama ile. Kesi dhidi yake ilitupwa mwaka 2006 kwa sababu hiyo, si kwa kuwa imeonekana haina kosa. Na ADF yenyewe haikumalizwa. Baada ya miaka ya 2010 iliwaua watu wa Beni na Ituri kwa mapanga kwa wingi ambao mwaka 1998 haukujulikana.

Hapa ndipo kosa la msingi la maandishi ya ndugu yangu linapoonekana. Yeye anauliza tu kama adui alikuwapo. Akiwapo, kuwahi ni haki. Asipokuwapo, ni uonevu. Lakini Kongo inaonyesha kwamba hata adui akiwapo hoja hii haina kikomo ndani yake. Anayejibu shambulio anajua anajibu nini: walioingia watolewe, mizinga iliyopiga inyamazishwe, na hapo anaweza kuulizwa mbona hujasimama. Anayepiga kwa dhana hana tendo la kumpimia, ana hofu, na hofu haimwambii mtu asimame wapi. Baada ya mpaka kuna kilima, baada ya kilima kuna kiwanja cha ndege, baada ya kiwanja kuna mji mkuu. Israeli ya 1967 ni hivyo hivyo. Wapo watu wa heshima wanaosema kwamba asubuhi ya tarehe 5 Juni, majeshi ya Misri yakiwa yamejazana Sinai na mlango wa bahari wa Tiran ukiwa umefungwa, pigo lile lilikuwa la kuwahi kweli, wengine wanakataa. Hata ukiwakubalia asubuhi ile, hutaweza kwa hoja ya asubuhi ile kueleza zaidi ya miaka 50 ya kukalia ardhi ya Wapalestina.

Tumebaki na mstari wa tatu wa orodha, Tanzania 1979, na hapa naomba tusemezane bila kupakana mafuta.

Mwandishi wa makala haya alizaliwa baada ya vita ya Kagera. Ninayoyajua nimeyapata kwa wazee na kwa kusoma. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba karibu 1,800, na tarehe 1 Novemba nduli akatangaza kwamba ameitwaa. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa, ng'ombe walifagiliwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilieleza taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Wazee wanakumbuka zaidi uwezo na nia. Kada ashike sababu. Sababu ile haikuwa dhana. Ilikuwa ndani ya mipaka yetu, imebeba bunduki. Inafaa pia kukumbuka kwamba Amin mwenyewe ndiye aliyekuwa na hoja ya kumuwahi adui: alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kumvamia. Kwa hiyo kuandika "Tanzania 1979" chini ya kichwa cha kuwahi ni kumpa Amin ushindi katika daftari alioukosa katika uwanja wa vita.

Lakini ndugu yangu atanijibu, na ana haki, kwamba Kagera ilikombolewa kabla ya mwaka 1978 kwisha, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kati ya hapo na pale tulikuwa tunajibu nini? Jibu la serikali wakati ule lilikuwa kwamba Amin hakukana madai yake juu ya ardhi yetu, na kwamba Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataa kuuita uvamizi kwa jina lake. Na kwamba vita ya Waganda wenyewe dhidi ya nduli ilikuwa vita ya pili, iliyokwenda sambamba na ya kwetu. Jibu hilo lina uzito. Halikuwatosha wote. Katika mkutano wa wakuu wa nchi huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania, na si kila aliyelaumu alikuwa rafiki wa Amin. Mji wa Masaka uliachwa magofu. Askari wetu walibaki Uganda hadi mwaka 1981, na serikali zilizofuata hazikuleta amani tuliyoitarajia. Kada anayefundisha Kagera bila kuyataja haya anafundisha wimbo. Na mwingine ambaye anatoka nje ya wimbo ataje pia Septemba 1972, wakati wafuasi wa Obote waliovuka kutoka kwetu waliposhindwa huko Uganda, Amin akazipiga Bukoba na Mwanza kwa ndege, mpaka mapatano ya Mogadishu yalipotuliza mambo.

Ninachosema ni kwamba hata sehemu hii ngumu haiwi kuwahi. Ukitaka kuihakiki safari ya kutoka Mutukula hadi Kampala, kipimo chake ni kile cha pili cha Webster: je, jibu lilizidi tendo? Hicho ni kipimo kinachoweza kuulizwa kwa sababu tendo lilikuwapo. Monrovia walituuliza hasa hivyo, na tuliweza kujibu kwa tarehe na kwa ramani. Serikali iliyopiga kwa dhana haiwezi kuulizwa hivyo, na ndiyo raha yake.

Lipo pia suala la gharama ya kungoja, ambalo watetezi wa kuwahi hulishika kwa nguvu, na hawakosei kulishika. Tulijua Amin ni mtu wa namna gani tangu mapinduzi ya Januari 1971. Kama tungempiga kwanza, watu wa Kagera wasingekufa. Ndivyo hoja inavyokwenda. Sitaki kuipunguza. Lakini tuangalie Chama kilijibu nini kwa hatari ile ile. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitoka mwezi mmoja tu baada ya mapinduzi ya Uganda, na miezi mitatu baada ya Wareno kuivamia Guinea tarehe 22 Novemba 1970, nao uliyataja yote mawili. Hofu ilikuwapo na haikufichwa. Hata hivyo Mwongozo haukusema twende tukampige. Ulisema wananchi wafundishwe ulinzi, mgambo waundwe, tofauti ya jeshi na raia ipungue. Mwaka 1978 mpaka wa Kagera ulikutwa na askari wachache mno, na lawama ya hilo ni yetu: tulikuwa na Mwongozo kwenye kabati. Mgambo waliofundishwa ndio waliojaza safu mara vita ilipotangazwa. Kati ya kumpiga jirani kwa dhana na kulala mlango wazi kuna kazi kubwa ya kukesha, na kazi hiyo haina sherehe, inagharimu fedha kila mwaka, na haimpi mkubwa yeyote hotuba. Nadhani ndiyo maana nadharia ya kuwahi inapendwa. Kupiga ni kwa siku moja. Kukesha ni kwa miaka.

Nilipoyapeleka mawazo haya kwa mwandishi wa maandishi niliyoyahakiki, tulikaa naye jioni nzima. Kuhusu Irak hakubisha. Kuhusu Kongo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wazazi wa Kichwamba wangeisoma makala yangu kwa uchungu. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nami sijalipata hadi ninapoandika. Nilimwambia tu kwamba maandishi ya tarehe 11 Septemba yaliwasahau kabla yangu.

Wiki iliyofuata tuliiandika orodha ile upya ubaoni pamoja na wanachuo. Marekani 2003 ilibaki, lakini chini ya kichwa cha kupiga kwa dhana, na Uganda 1998 ikawekwa chini yake. Israeli 1967 iligawanywa: asubuhi moja upande mmoja, miaka iliyofuata upande wa pili. Kagera ikahamishiwa katika kujihami. Ndipo yule mwanachuo wa mpakani akauliza Kampala iandikwe wapi, na kwa kuwa darasa lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, tuliiandika peke yake pembeni, pamoja na tarehe zake, tukaweka alama ya kuuliza.